Mkono Uliochora Nyumba ya Duke

Mjini New York, Fifth Avenue inapokutana na barabara ya 78, ipo nyumba ya mawe ya chokaa iliyokamilika mwaka 1912. Mwenyewe alikuwa James B. Duke, tajiri wa tumbaku. Haina makeke: madirisha marefu yamepangwa kwa ulinganifu, na umbo lake limefuata jumba la karne ya 18 la Bordeaux, Ufaransa. Ndivyo matajiri wa Marekani walivyopenda wakati ule, kuuhuisha ujenzi wa kale wa Ulaya katika mitaa yao mipya.

Kazi hiyo ilipewa ofisi ya Horace Trumbauer wa Philadelphia. Trumbauer hakusoma sana darasani, lakini alijua kutambua kipaji. Mwaka 1906 alimwajiri Julian Abele, kijana Mweusi aliyezaliwa mwaka 1881, wa kwanza wa rangi yake kuhitimu usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mwaka 1902. Mwaka 1909 akawa msanifu mkuu wa ofisi. Nyumba ya Duke inahesabiwa kuwa kazi ya mkono wake. Jina lililovuma ni la Trumbauer.

Msomaji atasema kwamba hiyo ni desturi ya ofisi zote. Ni kweli, na Trumbauer alimfungulia mlango ambao wengi wangeufunga. Lakini tazama yaliyofuata. Fedha za Duke zilijenga chuo kikuu chenye jina la familia yake huko North Carolina, na Abele akakisanifu. Chuo hicho hakikupokea wanafunzi Weusi hadi mwaka 1961. Abele alikuwa amefariki mwaka 1950. Mwaka 1986 mwanafunzi wa ukoo wake alilieleza jambo hilo katika gazeti la wanachuo; picha yake ikatundikwa chuoni mwaka 1989, na mwaka 2016 uwanja mkuu ukapewa jina lake.

Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, na najua kwamba kazi yetu haina saini. Mwalimu huridhika kutotajwa, kwa kuwa amechagua mwenyewe. Lakini unyenyekevu wa kuchagua si sawa na kusahauliwa kwa sababu ya rangi. Mawe ya Duke hayakupungua uzuri kwa kukosa jina la Abele. Waliopungukiwa ni vijana waliopita chini ya matao yake bila kujua kwamba mtu kama yeye aliweza.