Medal of Honor ya 2010: gemu moja, injini mbili

Watu wakibishana kuhusu gemu za vita, majina mawili hayakosi: Call of Duty na Battlefield. Kuna la tatu ambalo wengi wamelisahau, na hilo ndilo lililomzaa Call of Duty. Leo nataka tuangalie jinsi Medal of Honor ilivyojaribu kurudi uwanjani mwaka wa 2010. Tutapima kampeni yake (yaani ile hadithi unayoicheza peke yako) na mchezo wake wa mtandaoni, tukilinganisha na wapinzani wa wakati huo. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hivyo nitaitazama kwa jicho hilo. Naamini gemu hii iliumizwa na uamuzi wa kiufundi hata kabla haijafika dukani.

Mtoto ampiku mzazi

Kwa wale ambao hawajui, Medal of Honor ya kwanza ilitoka mwaka wa 1999 kwenye PlayStation, wazo likiwa la Steven Spielberg. Mwaka wa 2002 ikaja Allied Assault ya kompyuta, iliyotengenezwa na studio ya 2015, Inc. ya Tulsa, Oklahoma. Aliyeicheza hawezi kusahau kutua ufuoni Omaha chini ya mvua ya risasi. Mwaka huo huo baadhi ya waliyoitengeneza, wakiwemo Vince Zampella na Jason West, waliondoka wakaanzisha Infinity Ward. Mwaka wa 2003 wakatoa Call of Duty.

Mwaka wa 2007 Call of Duty 4: Modern Warfare iliachana na Vita vya Pili vya Dunia na kuhamia vita vya leo. Medal of Honor ya mwaka huo, Airborne, bado ilikuwa ikiruka kwa miamvuli Ulaya ya miaka ya 1940. Mzazi alikuwa ameachwa nyuma.

Kampuni ya EA ikaamua kuifufua. Kampeni ilipewa studio yake ya Danger Close, Los Angeles, iliyotumia Unreal Engine 3. Mchezo wa mtandaoni ulipewa DICE ya Stockholm, mabingwa wa Battlefield, waliotumia injini yao ya Frostbite. Diski moja, studio mbili, injini mbili. Gemu ikatoka Oktoba 2010.

Kampeni

Mpinzani mkubwa alikuwa Modern Warfare 2 ya Novemba 2009. Hiyo ni sinema tupu: mara uko Afghanistan, mara uko kwenye mitaa ya mabanda ya Rio de Janeiro, mara Washington inateketea. Inasisimua kweli, lakini ukimaliza jaribu kumweleza mtu nani alimsaliti nani na kwa sababu gani! Bad Company 2 (Machi 2010) ilichagua utani, wanajeshi wanne wanaochekana njia nzima. Black Ops (Novemba 2010) ilirudi kwenye Vita Baridi, na mtu aliyefungwa kwenye kiti akihojiwa kuhusu namba anazozisikia kichwani.

Medal of Honor ilibaki nchi moja na kipindi kifupi: Afghanistan, mwaka wa 2002. Hadithi yake inafuata Operesheni Anaconda iliyopiganwa Machi mwaka huo katika bonde la Shahikot. Katika mlima wa Takur Ghar mwanajeshi Neil Roberts alianguka kutoka kwenye helikopta, na wenzake wakarudi kumtafuta. Wamarekani saba walikufa pale. Gemu imebadilisha majina ya watu, lakini umbo la tukio ni lile lile: waokoaji ambao nao wanahitaji kuokolewa.

Sehemu bora kuliko zote inaitwa Belly of the Beast. Wewe na wenzako wachache mmejibanza kwenye kibanda cha udongo. Risasi zinaisha, kuta zinamomonyoka, na adui hawapungui. Hakuna ujanja wa kushinda, unachoweza ni kuchelewesha kifo tu. Mwishowe helikopta za Apache zinafika. Halafu hatua inayofuata inakuweka ndani ya helikopta, na watu wa aina ile ile waliokuwa wakikutetemesha sasa ni vidoa kwenye kioo. Bila mhusika yeyote kuhubiri, umeonja vita vya aliye chini na vita vya aliye juu. Modern Warfare 2 haina kitu kama hicho.

Kasoro zipo. Kampeni ni fupi, saa tano hivi. Tena mara nyingi unamsubiri mwenzako afike mlangoni ndipo mlango ufunguke. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwa uzito wa hadithi, hii ndiyo iliyowashinda wote watatu.

Mtandaoni

Hapa mambo yanabadilika. Wachezaji ni 24, aina za wanajeshi ni tatu. Wazo moja zuri ni kwamba ukikusanya pointi bila kufa, unachagua kati ya kushambulia (kwa mfano makombora) au kuwasaidia wenzako (kwa mfano kuwaongezea kinga). Kwenye Modern Warfare 2, zawadi nyingi ni za kuua zaidi.

Zaidi ya hapo, ni kazi ya katikati. Unakufa haraka kama kwenye Call of Duty, lakini huna ule uhuru mpana wa kujitengenezea mwanajeshi wako. Ramani zina uwazi wa Battlefield, lakini nyumba haziporomoki kama kwenye Bad Company 2, ambayo DICE hao hao walikuwa wameitoa miezi saba tu kabla. Matokeo yake ni paradiso ya wadunguzi. Kisha wiki nne baadaye ikaja Black Ops, iliyouza nakala milioni 5.6 siku ya kwanza huko Amerika Kaskazini na Uingereza pekee.

Mshono wa zile injini mbili unaonekana wazi. Kwenye kampeni unaweza kulala chini kifudifudi na kuchungulia pembeni ya ukuta. Ukienda mtandaoni, mwili wako umesahau yote hayo! Kwenye kompyuta zilikuwa hata programu mbili tofauti, moja inafungwa ndipo nyingine ifunguke. Uliyojifunza upande mmja hayakusaidii upande wa pili.

Neno moja

Sasa tufike penye uzito. Mtandaoni, upande mmoja uliitwa Taliban. Agosti 2010 waziri wa ulinzi wa Uingereza, Liam Fox, aliwataka wenye maduka wasiiuze gemu hiyo. Maduka ya kambi za jeshi la Marekani yakakataa kuiuza. Mama wa mwanajeshi aliyeuawa Iraq alisema kwenye televisheni kwamba vita si mchezo. Tarehe 1 Oktoba EA ikatangaza kwamba jina litakuwa Opposing Force, yaani jeshi pinzani, na kwamba uchezaji haubadiliki.

Kila anayeandika programu anajua hiyo ni kazi ya namna gani. Unabadilisha maandishi yanayotokea kwenye skrini. Nguo ni zile zile, silaha zile zile, ramani zile zile, na kwenye kampeni adui bado ni Taliban.

Sisi Wakenya tusilitazame jambo hili kwa mbali. Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011, na kambi yao ya El Adde ilishambuliwa tarehe 15 Januari 2016. Fikiria gemu yenye ramani ya El Adde, na wachezaji wakigawanywa pande mbili. Je, familia zile zingefarijika kwa kuwa upande wa pili unaitwa jeshi pinzani?

Sisemi gemu zisiguse vita vya kweli. Kampeni hii iliweza, kwa sababu ilikuwa na jambo la kusema. Sehemu ya mtandaoni ilichukua milima ile ile ikaigeuza kiwanja cha pointi, na walipoulizwa kwa nini, kilichobadilika ni neno. Ukigawa kazi kwa studio mbili ni rahisi kugawa injini, ramani na tarehe za kukabidhi. Dhamira haigawiki hivyo, lazima mtu mmoja aibebe hadi mwisho.

Hukumu

Warfighter ya Oktoba 2012 ilitumia injini moja, Frostbite 2, lakini iliponda uzito wa hadithi na haikupendwa. Januari 2013 EA iliuweka mfululizo huu kando. Ulirudi mwaka wa 2020 na Above and Beyond, gemu ya kuvaa miwani, iliyotengenezwa na Respawn, studio iliyoanzishwa na akina Zampella na West baada ya kufutwa Infinity Ward mwaka wa 2010. Mtoto alirudi kumlea mzazi.

Ukiipata ile ya 2010, cheza kampeni. Jioni moja inatosha, na kile kibanda cha udongo utakikumbuka. Ya mtandaoni achana nayo. Bad Company 2 ilishaifanya kazi hiyo, na kwa ubora zaidi.