Uzembe Huthibitishwaje? Kiwanja ya 2008 na Sheria ya 1888

Sheria ambayo mkazi wa Kiwanja, katika wilaya ya Rutshuru mashariki mwa Kongo, angeitegemea leo kudai fidia ilitungwa tarehe 30 Julai 1888, nchi hiyo ilipokuwa bado mali ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kifungu cha 258 kinamtaka kila aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake alipe. Cha 259 kinaongeza kwamba mtu huwajibika pia kwa uzembe wake na kwa kutojihadhari. Mzigo wa kuthibitisha humwangukia mdai, naye sharti aonyeshe mambo matatu: kosa, hasara, na kwamba hasara ilitokana na kosa hilo. Watu wengi hudhani vita hufanya kazi hiyo isiwezekane. Kiwanja inaonyesha vingine: ushahidi wa uzembe ulipatikana, kilichokosekana ni mlango wa kuupitishia.

Mwishoni mwa Oktoba 2008 jeshi la serikali lilikimbia Rutshuru, na waasi wa CNDP wakaushika mji huo na Kiwanja iliyo jirani. Tarehe 4 Novemba wanamgambo wa Mai-Mai waliivamia Kiwanja. Kesho yake CNDP waliirudisha mikononi mwao, kisha wakapita nyumba kwa nyumba wakiua, hasa wanaume na vijana. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu waliouawa kuwa 150 au zaidi. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walithibitisha vifo 67, wakikiri kwamba huenda vilikuwa vingi zaidi. Kambi ya MONUC, kikosi cha walinda amani wa Umoja wa Mataifa, ilikuwa umbali usiofika kilomita moja. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba askari hao hawakuwa na mkalimani wa kuwasiliana na wenyeji, na kwamba habari za mauaji hazikuwafikia ipasavyo.

Wapo watakaosema kwamba aliyeua ndiye mwenye kosa, si aliyeshindwa kuzuia. Lakini kosa la mmoja halifuti la mwingine, na kifungu cha 259 humwajibisha mzembe pia. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Uholanzi iliamua kwamba nchi hiyo iwajibike kwa asilimia 10 ya hasara ya jamaa za wanaume wapatao 350, waliotolewa katika kambi ya askari wake wa kulinda amani karibu na Srebrenica, Bosnia, mwaka 1995, ingawa waliowaua walikuwa Waserbia wa Bosnia. Wengine watasema kikosi kidogo kilichokuwa Kiwanja kisingeliweza kuwazuia waasi. Huenda ni kweli. Lakini sheria haimdai mtu ushindi, humdai uangalifu ambao mtu makini angeuonyesha katika hali ileile. Kumtafuta mkalimani mapema hakuhitaji vifaru. Ugumu halisi uko kwenye jambo la tatu, yaani kuthibitisha kwamba onyo lililosikika kwa wakati lingeokoa watu, na uamuzi wa Uholanzi unafundisha kwamba hakimu aweza kulipima hilo kwa sehemu bila kulitupa lote.

Pingamizi zito zaidi ni kinga. Mkataba wa 1946 unaukinga Umoja wa Mataifa dhidi ya mahakama za nchi, na mwaka 1966 mahakama ya Brussels ilimkatalia kwa sababu hiyo Mbelgiji aliyedai fidia ya hasara aliyoipata Kongo wakati wa ONUC, operesheni ya awali ya Umoja huo nchini humo. Hata hivyo mkataba huohuo unautaka Umoja uweke njia ya kusuluhisha madai ya watu binafsi, na mwaka 1965 ulikubali kuilipa Ubelgiji dola milioni 1.5 kwa hasara za raia wake katika operesheni hiyohiyo. Basi kinga hufunga mahakama, haifuti deni. Wabelgiji walilipwa kwa kuwa serikali yao iliwasemea. Serikali ya Kinshasa inapaswa kuwafanyia vivyo hivyo watu wa Kiwanja, na familia zitunze majina, tarehe na vyeti vya vifo, kwani dai lisilo na kumbukumbu halitapona hata siku mlango utakapofunguliwa.