Mafuta Ameyatoa Wapi?

Kama na wewe ni mmoja wa wale wanaoandika riwaya usiku kwenye daftari la shule, basi utanielewa. Mwaka jana nilimaliza sura ya tatu ya riwaya yangu. Mambo yanatokea Magomeni, Dar es Salaam, mwaka 1983. Mama mmoja anarudi nyumbani jioni, anabandika sufuria, anamimina mafuta, anakaanga vitunguu mpaka vinakuwa vya kahawia, anatia nyanya, anatia kabichi. Anasonga ugali mweupe kama pamba na familia inakula huku redio ikisoma taarifa ya habari. Niliiona sura tamu kweli kweli. Nikamsomea Bibi, mzaa mama, ambaye macho yake hayasomi tena.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka peke yake, akaniuliza: "Mume wangu, huyo mama mafuta ameyatoa wapi?"

Nikajibu, dukani.

"Duka gani? La mwaka gani? Na huo unga mweupe je?"

Nikanyamaza. Mimi niliyefaulu Historia kidato cha nne! Ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, Vita vya Majimaji, Azimio la Arusha la 1967. Lakini watu wa Magomeni walikula nini usiku, na walikipika kwa kitu gani, hilo halikutoka kwenye mtihani. Ilibidi nianze upya, safari hii mwalimu akiwa Bibi, na vitabu vya kuazima vikimsahihisha pale anapochanganya miaka.

Haya ndiyo niliyoyapata. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, vita ikaendelea hadi 1979 na ikameza fedha za kigeni, mafuta ya magari nayo yakapanda bei dunia nzima. Viwanda vikakosa vipuri na malighafi. Sabuni, sukari, vibiriti na mafuta ya kupikia vikawa vitu vya kusimuliana. Watu walipanga foleni tangu alfajiri, na Bibi anasema aliyechoka kusimama aliacha jiwe lake limshikie nafasi, na ole wako ulisogeze. Unga nao ulipungua, serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka ng'ambo. Watu wa mjini, kwa utani wa mpira, wakauita unga huo Yanga. Wapenzi wa Simba nao walikula Yanga, watafanyaje?

Basi sura yangu ilikuwa na makosa mawili kwenye sufuria mbili. Lakini la mafuta ndilo lililokuwa zito zaidi, na sababu yake Bibi hakunieleza siku ile.

Kwanza alinifundisha mboga. Tazama neno lenyewe jinsi lilivyo la ajabu. Kwetu mboga si majani tu. Ukiuliza "leo mboga gani?" unaweza kujibiwa nyama, dagaa, maharage au mlenda. Mboga ni kile kinachousindikiza ugali kushuka. Ndiyo maana mtoto wa tajiri tunamwita mtoto wa mboga saba: siyo kwamba kwao wanakula majani aina saba. Sisi tulikuwa wa mboga moja, nayo mara nyingi ilikuwa mchicha. Nilipokuwa shule niliuonea haya. Nikiulizwa jana nilikula nini, nilisema samaki.

Kumbe mchicha ule una historia yake. Mshahara wa mtu wa mjini ulipokosa thamani mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila mtu alitafuta mradi. Walimu wa chuo kikuu walifuga kuku, maofisa walilima mihogo nyuma ya nyumba za serikali. Wasiokuwa na ua waliteremka mabondeni, na bonde la Msimbazi likajaa matuta. Kwa nini mchicha na si kabichi? Hesabu ni rahisi. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne. Mbegu unakamua mwenyewe kwenye mmea uliouacha ukazeeka. Haungoji lori la kutoka Lushoto lenye kukosa dizeli njiani. Na jikoni unaiva upesi, mkaa kidogo tu. Kisamvu ni kitamu kuliko mchicha, mimi nasema hivyo na sitabadili, lakini kisamvu kinataka kinu, na baada ya kinu kinataka kuchemka muda mrefu. Wala si kwa kulainika tu: majani ya muhogo yana sumu, na kule kutwangwa na kuchemshwa ndiko kunakoitoa. Muhogo wenyewe, kama mahindi, ulitoka Amerika baada ya Wareno kufika huku, yaani baada ya 1498. Nilimwambia Bibi kwamba kule Brazil, jimbo la Pará, majani hayo wanayachemsha karibu wiki nzima. Akaduwaa. "Wiki nzima! Mkaa nani anawanunulia?"

Na mafuta? Hapo ndipo nazi ilipoingia. Nilikuwa nimekwisha kuandika pembeni mwa daftari kwamba mchicha wa nazi ulizaliwa na shida ya miaka ile, watu wakikosa mafuta wakatumia tui. Bibi, ambaye ni Mzaramo, alikasirika kidogo. Akasema wao wamepikia tui tangu kwa mabibi wa mabibi zake, chupa ya mafuta ndiyo mgeni. Waliojifunza kwa shida ni majirani waliotoka bara. Walikuwa wakija uani kwake na nazi mkononi kama mtu aliyeokota jiwe, wakiuliza inavunjwaje, na mbuzi inakaliwaje. Nazi hazikuwa na foleni. Zilikuja kutoka Mafia, Bagamoyo, Kigamboni, ukanunua moja ukapikia nyumba nzima. Kwa hiyo nikafuta. Kitu kile kile, kwa nyumba moja kilikuwa desturi, kwa nyumba ya pili kilikuwa dhiki.

Jioni nyingine ndipo aliponiambia lile jingine. Tulikuwa tunachambua mchicha, mimi na yeye, taa imezimika, umeme umekatika. Akasema bila kuulizwa: "Mimi nilikuwa nayo mafuta, 1983."

Alikuwa anauza maandazi. Mumewe alikuwa amekwisha fariki, na mama yangu alikuwa na miaka tisa. Maandazi bila mafuta ni nini? Akanunua debe zima kwa mlango wa nyuma, kwa mtu ambaye hata leo hamtaji, kwa bei ambayo ilimlazimu kuuza kitanda. Mwezi Machi mwaka ule ilianza kampeni ya kupambana na wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Walanguzi walikuwa wameficha mali maghalani huku watu wakikosa sabuni ya kuoshea maiti, na Bibi anasema wengi walishangilia, naye pia alishangilia. Kisha akakumbuka debe lake lililo chini ya kanga za zamani. Watu walikuwa wanatupa vitu usiku, baharini na majalalani, kwa kuogopa kukutwa navyo. Nani angemtofautisha mjane mwenye debe moja na tajiri mwenye ghala?

Usiku huo alilibeba mpaka chooni akalimimina lote, kidogo kidogo ili lisitoe sauti. Mama yangu alikuwa macho, akaona. Walikubaliana wasiseme, na hawakusema. Miaka arobaini! Mimi nimekua katika nyumba ile nikidhani Bibi aliacha maandazi kwa sababu ya mgongo.

Wiki iliyofuata aliteremka Jangwani kuomba kijituta. Akalima mchicha, akauuza kwa mafungu, uliobaki ukawa chakula cha usiku. Kwa majani yale mama yangu alimaliza shule. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, na Bibi aliacha kumwagilia siku hiyo akakaa kwenye tuta akalia. Sikuweza kuyapatanisha mambo hayo mawili, yeye anayapatanisha bila taabu: "Alikuwa anatutetea. Woga ulikuwa wangu." Mwaka huo huo wa 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa, milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, na bidhaa zikarudi madukani kwa wenye fedha. Bibi aliendelea na mchicha. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwahamisha watu wengi wa bondeni, wengine wakapelekwa Mabwepande, na wataalamu waliopima mboga za Msimbazi wamekuta humo madini ya risasi. Sasa tunanunua gengeni, tunauliza umetoka wapi, tunaosha mara nne.

Nimeiandika upya sura ya tatu. Yule mama sasa anakuna nazi gizani. Anakamua tui zito analiweka pembeni, anakamua tena jepesi, humo anachemsha kitunguu, nyanya na nyanya chungu mbili, anatia mchicha uliokatwa, chumvi, mwisho tui zito huku akikoroga. Ugali ni wa njano. Debe nalo limo, kwa ruhusa, ila jina nimebadili.

Nikamsomea Bibi. Alipofika kwenye debe alinyamaza kabisa, nikaogopa. Nikasoma mpaka mwisho, nikafunga daftari, nikangoja.

"Tui la kwanza ameliacha lichemke sana," akasema. "Litakatika hilo. Rudia hapo."