Shira na Mwenzake Asiyeonekana

Ukiacha sayari, hakuna nyota inayong'aa usiku kuliko Shira. Iko umbali wa miaka ya nuru 8.6 tu, na mataifa mengi ya kale yaliipa jina na kazi. Ubavuni mwake ipo nyota ya pili, Shira B, nyeupe ya kuelekea buluu, ambayo mwanga wake unaotufikia ni hafifu karibu mara 10,000 kuliko wa mwenzake. Jicho tupu haliioni kamwe, maana mwanga wa mkubwa humfunika mdogo. Nataka kulinganisha namna Misri ya kale, Arabuni, Ulaya na Marekani, na Wadogon wa Mali walivyoisoma nyota hii, hasa pale walipolazimika kusema juu ya jambo wasiloliona.

Wamisri waliiita Sopdet, wakaiheshimu kama mungu wa kike. Kila mwaka Shira huzama katika mwanga wa jua kwa siku zipatazo 70, kisha huchomoza tena alfajiri, jua likiwa karibu kutokeza. Enzi za mafarao, kuchomoza huko kulikaribiana na mafuriko ya Nile. Kwa hiyo Wamisri walihesabu siku za kutoonekana kwa nyota kwa uangalifu uleule waliohesabia kuonekana kwake. Na siku 70 ndizo walizotumia pia kumwandaa maiti kwa maziko. Nyota hiyohiyo ilifichua kasoro ya kalenda yao ya siku 365, kwa sababu tarehe ya kuchomoza ilisogea siku moja kila miaka minne. Mwaka 238 KK, chini ya Ptolemy III, ilitolewa amri ya kuongeza siku moja kila mwaka wa nne. Haikufuatwa.

Kwa Waislamu wa pwani yetu jina la Shira si geni: aya ya 49 ya Sura ya An-Najm inamtaja Mungu kuwa ndiye Mola wake, na wafasiri hueleza kwamba walikuwapo Waarabu walioiabudu. Waarabu walisimulia pia habari za dada wawili, Shira huyu na Shira mwingine aitwaye Ghumaisa, ambaye wanajimu wa Ulaya humwita Procyon. Kaka yao Suheli alikimbilia kusini. Mmoja akavuka Njia Nyeupe kumfuata. Mwingine akabaki ng'ambo akilia mpaka macho yakafifia.

Mwaka 1844 Friedrich Bessel, kutoka Königsberg, aliandika kwamba nyota hizi mbili, Shira na Procyon, haziendi njia iliyonyooka. Zinayumba kidogo, kila moja kana kwamba inavutwa na mwenzi asiyeonekana. Mwenzi wa Shira alionwa na Alvan Graham Clark huko Massachusetts tarehe 31 Januari 1862, alipokuwa akijaribu darubini mpya. Yule wa Procyon alionwa mwaka 1896. Sidai kwamba msimulizi wa jangwani alijua lolote juu ya hilo, ila nafurahi kwamba dada wawili wa hadithi ndio hao hao wawili wa Bessel.

Uajabu wenyewe ulijitokeza mwaka 1915, Walter Adams wa kituo cha kutazamia nyota cha Mount Wilson, Marekani, alipochunguza spektra ya Shira B. Nyota nyingi hafifu ni nyekundu na za baridi; hii ilikuwa nyeupe, yaani ya moto. Leo tunajua joto la uso wake ni kama kelvini 25,000, wakati Shira yenyewe haifiki 10,000. Kitu chenye moto kiasi hicho kikitoa nuru kidogo hivyo, basi lazima uso wake uwe mdogo sana. Ndivyo ulivyo: kipenyo chake ni pungufu kidogo ya kile cha dunia yetu. Lakini kule kuyumba kwa Shira, katika mzunguko wa miaka 50, kunatupa uzito wa mwenzake, nao ni sawa na wa jua zima. Kijiko cha chai cha maada yake kina tani zipatazo 12. Nyota hiyo ilikwisha kuteketeza fueli yake, ikapoteza tabaka za nje, ikabaki kiini. Mwaka 1926 R. H. Fowler alieleza kinachokizuia kiini hicho kisiporomoke: ni elektroni zinazokataa kubanwa zaidi.

Sasa twende Mali, kwenye majabali ya Bandiagara wanakoishi Wadogon. Mwaka 1950 Wafaransa wawili, Marcel Griaule na Germaine Dieterlen, walichapisha makala iliyosema kwamba Wadogon wanaijua nyota iitwayo po tolo, iliyopewa jina la punje ya fonio, nafaka ndogo mno. Kwamba inaizunguka Shira kwa miaka kama 50, na kwamba ni nzito kupita vitu vyote. Mwaka 1976 Robert Temple aliandika kitabu kizima kudai elimu hiyo ililetwa na wageni kutoka anga za mbali. Mwaka 1991 Walter van Beek, aliyeishi na kufanya utafiti kwa Wadogon, akatoa majibu tofauti: waliowahi kuzungumza na Griaule hawakuafikiana ni nyota ipi aliyoimaanisha, na wengine hawakujua habari za nyota pacha. Geneviève Calame-Griaule, binti wa Griaule, akampinga vikali. Mimi naona hoja ya van Beek ina nguvu zaidi. Uzito wa Shira B ulikuwa umeshaandikwa sana Ulaya tangu miaka ya 1920, na muulizaji huweza kulibeba jibu ndani ya swali lake.

Jambo kama hilo lilitokea pia Mount Wilson. Mwaka 1924 Arthur Eddington alikokotoa kwamba, kwa nadharia ya Einstein, nuru inayotoka Shira B ingeelekea wekundu kama ya nyota inayotukimbia kwa kilomita 20 hivi kwa sekunde. Adams akapima, na mwaka 1925 akatangaza tarakimu iliyo karibu na hiyo. Watu wakashangilia. Kumbe Eddington alidhani nyota ni kubwa kuliko ilivyo, na nuru ya Shira ilikuwa imechafua vipimo vya Adams. Vipimo vya 1971, na vile vya darubini ya Hubble vya 2005, vilionyesha takriban mara nne ya hapo.

Kosa la Adams huhesabiwa kuwa hatua ya kawaida ya sayansi, na hakuna aliyewaita Wamarekani waongo. Kosa la Griaule walibebeshwa Wadogon: mara wamefundishwa na viumbe wa angani, mara wamebuni. Huo ni uonevu. Wadogon wana sherehe ya Sigui, inayorudi kila miaka 60 na kupita kijiji hadi kijiji kwa miaka kadhaa; mzunguko uliopita, ulioanza 1967, Jean Rouch aliupiga filamu. Watu wanaoweza kukabidhiana hesabu ya miaka 60 kupitia vizazi hawahitaji kuazimwa darubini ndipo waheshimiwe.

Kwa hesabu hiyo Sigui ijayo ni ya mwaka 2027. Atakayekwenda Bandiagara kuiandika awasikilize wenyewe waeleze wanachokijua, na asiwatangulizie jibu.