Samora Machel: Kamanda Aliyejengwa Kambini

Machi 1963, muuguzi wa hospitali ya Miguel Bombarda jijini Lourenço Marques aliacha kazi kimyakimya akavuka mpaka. PIDE, polisi wa siri wa Wareno, walikuwa wamekwisha kumwekea macho. Samora Moisés Machel alikuwa na miaka 29. Akapenya hadi Botswana ya leo, akakuta ndege ya ANC ya Afrika Kusini inayopeleka vijana Tanganyika. Mzee J. B. Marks, kiongozi wa ANC, alivutiwa naye kiasi cha kumshusha kijana wake mmoja ili Samora apate kiti.

Hasira yake haikutoka vitabuni. Baba yake, mkulima wa Chilembene mkoani Gaza, alilazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa bei ya chini kuliko ya walowezi. Hospitalini nako, muuguzi mweusi alilipwa pungufu kuliko mweupe kwa kazi ileile.

Alipofika Dar es Salaam aliomba kupigana. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoongozwa na Eduardo Mondlane, ikampeleka Algeria kwa mafunzo, na aliporudi ikamkabidhi kambi ya Kongwa, Dodoma. Vita dhidi ya Wareno vilianza 25 Septemba 1964. Samora alijipatia sifa katika Niassa ya mashariki, eneo kubwa lenye watu wachache na shida nyingi. Oktoba 1966 mkuu wa jeshi, Filipe Samuel Magaia, aliuawa, naye akashika nafasi yake.

Hata hivyo, naamini nguvu ya Samora ilijengwa kambini zaidi kuliko porini. Kongwa na kambi nyingine ya FRELIMO, Nachingwea, zote mbili zilikuwa maeneo ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanguka mwaka 1951. Katika ardhi hiyohiyo alilea jeshi. Wamakonde, Wamakua na vijana wa kusini walichanganywa kwa makusudi: wakala pamoja, wakafundishana kusoma, wakalima chakula chao wenyewe. Tangu 1967 wasichana nao walifunzwa silaha, akiwemo Josina Muthemba, ambaye Samora alimwoa Tunduru mwaka 1969. Nidhamu ilikuwa kali, na naona humo mkono wa mtu aliyezoea wodi, mahali ambapo uzembe mdogo huua.

Tarehe 3 Februari 1969 bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu lilimuua Mondlane jijini Dar es Salaam. Makamu wake alikuwa Uria Simango, lakini uongozi uligawanywa kwa watatu: Simango, Marcelino dos Santos na Samora. Makamanda wengi walikuwa wamepitia mikononi mwa Samora, na hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Kabla mwaka haujaisha Simango aliondolewa. Baada ya uhuru aliuawa kwa siri mikononi mwa serikali ya FRELIMO, doa ambalo hakuna anayempenda Samora anayepaswa kulifunika.

Mei 1970 Samora akawa rais wa chama. Wiki chache baadaye Jenerali wa Kireno, Kaúlza de Arriaga, alimwaga maelfu ya askari Cabo Delgado, akikusudia kuimaliza FRELIMO. Wapiganaji walikwepa kupambana uso kwa uso, wakajigawa vikundi vidogo, na vita vikapanuliwa Tete, kisha vikavuka mto Zambezi kuelekea kusini.