Uso wa Kopa, Uso wa Uru

Mteja akiketi saluni na kuuliza ni mtindo gani utamtoa, msusi mzuri hakimbilii kumwonyesha picha ukutani. Kwanza anamvuta nywele zote nyuma kwa viganja, anamtazama paji, mashavu, taya, kisha kidevu. Anachokipima pale ndicho kinachoitwa umbo la uso. Tusilichanganye na sura, kwa kuwa sura hubeba macho, pua, midomo, hata haiba ya mtu. Umbo la uso ni mzingo tu, unaotokana na uwiano wa vipimo vinne: upana wa paji, upana wa mashavu kwenye mifupa yake, upana wa taya, na urefu kuanzia nywele zinapoota hadi ncha ya kidevu. Ndiyo maana watu wawili wasiofanana hata kidogo wanaweza kusuka mtindo mmoja na ukawakaa wote.

Vitabu vya ususi vya Ulaya na Marekani kwa kawaida hutaja maumbo saba. Mengine hayasumbui kuyataja: uso wa duara, wa mraba, mrefu, wa pembetatu yenye kitako tayani. Uso wa yai ndio unaoshawishi watu kukimbilia hisabati na kuuita duaradufu, lakini duaradufu ncha zake mbili ni sawasawa, ilhali uso huu paji lake ni pana kidogo kuliko taya. Urefu wake hukaribia mara moja na nusu ya upana. Mashavu yakiwa na sentimita 13, urefu uwe kama 19.5. Yai na libaki yai.

Yanabaki mawili ambayo tafsiri ya neno kwa neno huyaharibu: uso wa moyo na uso wa almasi. Moyo halisi hauna umbo hilo, na almasi hukatwa kwa namna nyingi. Wacheza karata wanayo majina siku zote, waliyoyapata kwa Wareno: kopa na uru. Uso wa kopa una paji pana na kidevu kilichochongoka. Uso wa uru umepanuka mashavuni, ukabana juu na chini. Ukilisikia jina tu, mchoro umeshauona, na hiyo ndiyo kazi ya istilahi. Natamani vyuo vyetu vya ususi viyachukue.

Ukishalijua umbo, mtindo unatafutwa kwa kanuni moja: jaza pale uso ulipobana, usiongeze pale ulipopanuka. Mwenye uso wa duara humfaa mtindo unaopanda juu, kama kilimanjaro, huku pembeni pamelala. Mtindo huohuo ukimsukia mwenye uso mrefu unamrefusha zaidi. Yeye umkate nywele za kuangukia kwenye paji, au umwachie ujazo masikioni. Mwenye uso wa kopa anataka ujazo ushuke hadi usawa wa kidevu. Twende kilioni haifichi chochote: mzingo wote unabaki wazi, kwa hiyo huwakaa sana wenye uso wa yai, na wengine huweza kuipinda mistari iende upande.

Miongozo mingi ya kigeni, hata hivyo, inachukulia kwamba nywele huanguka. Kipilipili hazianguki, husimama na kutanuka kila upande, na zikikauka baada ya kuoshwa husinyaa. Kwa nywele hizi umbo huchongwa kwa mkasi zikiwa kavu: afro iliyopunguzwa pembeni na kuachwa juu humsaidia mwenye uso wa duara, wakati afro ya mviringo kamili humpanua.

Kuna kipimo kimoja ambacho msusi mwenyewe anaweza kukibadilisha bila kukusudia. Urefu wa uso huanzia pale nywele zinapoota, na misuko ya kubana sana, mwaka baada ya mwaka, hung'oa nywele za mbele na za kwenye panja. Paji linapanuka, uso unarefuka, na aliyekuwa na uso wa yai anajikuta anaelekea kwenye kopa. Nywele hizo zikiwahiwa mapema huota tena. Mizizi ikishafanya kovu hazirudi. Kwa hiyo msuko ukiuma kichwani siku ya kwanza, mwambie msusi aulegeze papo hapo, hata kama mstari wa mbele hautanyooka.