Kipupwe Pujini: Boma la Mkama Ndume na Mafunzo Yake

Ndugu msomaji, wapo miongoni mwetu waliojaaliwa uwezo ambao, likizo ikifika, hufunga mizigo kwenda Ulaya. Wengine huenda Granada, nchini Hispania, hata katika siku za baridi kali ambapo milima iliyo juu ya mji huvaa theluji. Huenda kuitazama Alhambra, kasri ya wafalme wa Kiislamu walioupoteza mji huo mwaka 1492. Hurudi na huzuni moyoni na picha nyingi mkononi. Safari hiyo si mbaya. Qur'ani Tukufu yatuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kuzingatia yaliyowafika waliotutangulia. Lakini ardhi hiyo yaanzia wapi? Je, haianzii mlangoni petu?

Basi kipupwe kijacho, mvua za masika zikiisha na jua likipungua ukali, nenda Pujini katika kisiwa cha Pemba. Kwa aliyeko Chake Chake ni mwendo wa kilometa kama 10 tu, kuelekea kusini-mashariki. Chukua maji ya kunywa, uchukue na watoto wako.

Usitarajie kukuta minara. Utakuta boma la mawe na udongo, sehemu kubwa imemezwa na miti, na ndani yake mabaki ya msikiti, ngazi na kisima. Wataalamu wanalikadiria boma hili kuwa la karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16. Yaani katika zama zile zile Alhambra ilipokuwa ikitoka mikononi mwa Waislamu, na Vasco da Gama alipofika pwani yetu mwaka 1498, hapa Pujini palikuwa na bwana na enzi yake.

Bwana huyo masimulizi humwita Muhammad bin Abdulrahman. Lakini jina hilo walijua wachache. Jina lililobaki vinywani mwa watu ni Mkama Ndume: yule awakamaye wanaume kama mtu akamavyo ng'ombe, mpaka tone la mwisho. Wazee wasimulia kuwa alipojenga boma lake aliwatwisha watu mawe vichwani, kisha akawalazimisha kwenda nayo wakijiburuta kwa makalio, bila ya ruhusa ya kusimama.

Kitazame na kile kisima. Kina ukuta katikati. Yasemwa kuwa alikuwa na wake wawili wasiopatana, akakigawa kisima ili wasikutane: mmoja ashuke kwa ngazi, mwengine ateke kwa ndoo na kamba. Aliyeshindwa kuleta suluhu nyumbani mwake akajenga ukuta. Wangapi leo tunafanya hivyo bila hata ya kuwa na mawe?

Chini ya ardhi kuna chumba kidogo, na ukutani mwake pamefinyangwa kwa chokaa sura ya siwa, ile baragumu ya enzi ambayo Pate ilikuwa nayo ya pembe ya ndovu na Lamu ya shaba. Mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Marekani, Adria LaViolette, aliyefanya uchimbaji hapo, ameieleza siwa hiyo. Bwana wa Pujini alitaka ijulikane kuwa yeye ni mwenye mamlaka, hata chini ya ardhi.

Hapa, ndugu yangu, yatupasa tufanye insafu. Dini yetu yatuamuru kuichunguza habari kabla ya kuisadiki, na marehemu naye ana haki yake. Jina baya huweza kutungwa na maadui. Tena mtu huyu twaambiwa ni dhalimu, na ndani ya boma lake pana msikiti. Mchimbaji huweza kufukua ukuta, akatwambia ulijengwa zama gani na kwa mawe gani. Hawezi kufukua kilio cha aliyeyabeba. Hukumu ya Mkama Ndume tumwachie Mola wake.

Lakini jambo moja halina shaka. Siwa imenyamaza, kuta zimeanguka, na kilichosalia bila ya ufa ni lile jina. Watu wa Pemba hawakumkumbuka kwa ukubwa wa boma lake. Wamemkumbuka kwa namna walivyosimuliwa kuwa aliwatendea waliomjengea.

Sasa tujitazame sisi. Mchumaji wa karafuu aliyepanda mkarafuu wako tangu asubuhi, umemlipa? Mtumishi wa nyumbani kwako, hupumzika saa ngapi? Mtume (S.A.W.) ametuusia tusimcheleweshee mfanyakazi ujira wake. Mwenye kuchelewesha kwa makusudi anakama ndume, hata kama hana boma, na majirani zake huenda wameshampa jina ambalo yeye mwenyewe halijui.

Basi nenda Pujini. Usiondoke na jiwe hata moja, kwani mawe yale ni amana. Wasimulie watoto wako pale pale, kando ya kisima, kisha urudi nyumbani ukalipe unachodaiwa. Safari ya namna hiyo ina faida kuliko picha za theluji.

Wabillahi tawfiq.